Kinga, Kuumwa na Dawa ya Mbu: Uhakiki wa Lugha ya Maelezo ya Malaria kwa Wasafiri

Madhumuni ya makala haya ni kuichunguza lugha inayotumika katika maandishi ya afya yanayowahusu wasafiri, hasa maelezo ya namna malaria inavyoenea na namna ya kujihadhari na mbu. Hatukusudii kumlaumu mfasiri yeyote. Kazi ya kufasiri maneno ya tiba ni nzito, na aghalabu hufanywa kwa haraka na kwa malipo kidogo. Hata hivyo, istilahi mbovu katika hati ya forodha humpotezea mtu fedha, lakini istilahi mbovu katika hati ya afya yaweza kumpotezea uhai. Kwa sababu hiyo yafaa maandishi ya namna hii yapimwe kwa mizani kali kuliko mengine.

Karatasi tunayoihakiki ilikuwa imebandikwa ukutani katika nyumba ya wageni mjini Bungu, wilaya ya Kibiti. Hatutaitaja taasisi iliyoitoa, kwani makosa yaliyomo si yake peke yake. Yanapatikana katika maandishi mengi ya aina hiyo. Bungu pamestahili karatasi kama hiyo. Mji huu uko kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Kibiti, Lindi na Mtwara, na hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Nyamisati, bandari ya mashua ziendazo Mafia. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yaendayo kusini yalivuka mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na abiria waliochelewa walilala kando ya mto wakiwa chakula cha mbu. Siku hizi daraja lipo, lakini abiria wa Mafia bado hungojea maji na mashua, na bonde na delta bado ni makao ya mbu. Yuko hata mbu wa jamii ya Anofelesi, aitwaye na wataalamu Anopheles merus, azaliaye katika maji yenye chumvichumvi ya pwani.

Mama mwenye nyumba ile ya wageni alipoona tunaisoma karatasi kwa makini, alikuja na swali. Alisema, "Mwalimu, hebu nieleweshe. Hapa wanasema nisiumwe ili nisiumwe. Sasa kuumwa kwa kwanza ni kupi na kwa pili ni kupi?" Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

1. Kuumwa na kuumwa

Sentensi aliyoiuliza mama huyo ilisomeka hivi: "Ili usiumwe, hakikisha huumwi na mbu kati ya machweo na mapambazuko." Kitenzi kuuma kina maana mbili zinazohusika hapa: kutia meno au mdomo mwilini, na kutia maumivu. Katika hali ya kutendwa, mtu aliyetiwa meno na mbwa ameumwa, na mtu mwenye homa anaumwa pia. Wapo watakaosema kwamba kiungo na huondoa utata: kuumwa na mbu ni jambo moja, na kuumwa malaria ni jingine. Hoja hiyo haisimami. Watu husema "naumwa na kichwa" na "anaumwa na tumbo" bila kudhani kwamba kichwa kina meno. Na kwa hiyo hakitenganishi chochote.

Lugha imekwisha kutupa njia ya kutokea. Kitenzi kung'ata kinaeleweka kote, nacho hakina maana ya ugonjwa. Kweli mbu hana meno. Yeye hudunga kwa mdomo wake mrefu. Lakini wenye lugha wamekwisha kukubali kwamba mbu hung'ata, na istilahi si lazima ieleze maumbile yote ya kitu. Tunapendekeza basi kwamba katika maandishi ya afya mbu ang'ate, na mtu aumwe malaria. Hapo sentensi inakuwa: "Ili usipate malaria, jihadhari using'atwe na mbu tangu machweo hadi mapambazuko."

Yafaa tuisifu karatasi kwa kutaja saa. Mbu aenezaye malaria hung'ata zaidi usiku, na mfasiri ameepuka kuandika saa kwa tarakimu za Kiingereza, ambazo zingemfanya msomaji wa Bungu adhani kuwa saa sita ni adhuhuri au alfajiri asijue ipi. Machweo na mapambazuko hayana saa ya Kizungu wala ya Kiswahili.

2. Mdudu, wadudu na malaria tatu

Karatasi inaendelea: "Malaria ni ugonjwa wa kuambukiza unaoambukizwa na wadudu." Hapa kuna makosa mawili katika sentensi moja.

La kwanza ni neno wadudu. Mbu ni mdudu. Hilo halina ubishi. Lakini katika maabara zetu neno hilohilo hutumika kwa kiumbe asababishaye ugonjwa, yule aonekanaye kwa hadubini tu ndani ya damu. Mgonjwa huambiwa ana "wadudu watatu," naye akirudi nyumbani husema ana "malaria tatu." Hesabu hiyo ni ya fundi wa maabara aliyekuwa akihesabu viumbe katika tone la damu, si idadi ya magonjwa wala ya mbu. Mgonjwa aliyeambiwa ana mdudu mmoja hudhani ugonjwa wake ni mwepesi, pengine akaacha dawa katikati. Huo ndio uharibifu unaoletwa na neno moja kubebeshwa viumbe viwili.

Neno la kumwita kiumbe huyo tunalo, nalo ni zuri: kimelea. Limetokana na kumea, na katika kauli ya kutendea, kumelea, yaani kuota juu ya kitu kingine na kuishi kwa jasho lake. Mkulima anayejua mmea uotao juu ya mwembe na kuunyonya hahitaji kufundishwa zaidi. Tuseme basi: kimelea cha malaria huishi ndani ya mtu na ndani ya mbu, mbu hukibeba, mtu hukiugua.

Kosa la pili ni kuambukiza. Msomaji wa kawaida akisikia ugonjwa wa kuambukiza hufikiri kifua kikuu au surua, maradhi yanayompata mtu kwa kukaa karibu na mgonjwa. Msafiri anayeisoma sentensi hiyo atajitenga na abiria mwenye homa aliyeketi naye kiti kimoja, kisha usiku atalala bila chandarua. Atakuwa ameogopa asiyestahili kuogopwa na kumwacha adui mlangoni. Kiingereza kina maneno mawili mahali hapa, moja la kupita kwa ugonjwa kutoka kiumbe hadi kiumbe, na jingine la kuingia kwa vimelea katika mwili wa mtu. Sisi tumeyafunga yote katika maambukizi. Tunapendekeza kueneza na uenezaji kwa lile la kwanza, na maambukizi yabaki kwa la pili. Mbu hueneza malaria. Mtu hupata maambukizi.

Tena, ni lazima maelezo yaseme mbu amekitoa wapi kimelea. Karatasi nyingi humwonyesha mbu kana kwamba amezaliwa na malaria. Sivyo. Mbu jike, ambaye peke yake hunyonya damu kwa ajili ya mayai yake, hukipata kimelea kwa mtu. Kimelea hukomaa ndani ya mbu kwa muda wa siku kumi au zaidi, ndipo mbu huyo aweze kukitia kwa mtu mwingine. Jambo hili linamhusu msafiri moja kwa moja, kwa kuwa yeye si wa kudhuriwa tu bali aweza kudhuru. Huko Zanzibar malaria imepungua sana tangu miaka ya 2000, na miongoni mwa wanaopatikana nayo wengi ni watu waliotoka safari za Bara. Atokaye Bungu kwenda visiwani aweza kubeba vimelea bila kuwa na homa.

3. Kinga ipi?

Sasa tufike kwenye kosa kubwa kuliko yote. Karatasi inasema: "Msafiri asiye na kinga atumie kinga kabla ya safari na kuendelea na kinga baada ya kurudi." Neno kinga limetumika mara tatu, na kila mara kwa maana yake. La kwanza ni uwezo wa mwili wa kupigana na ugonjwa. La pili linaweza kuwa vidonge, au chandarua, au vyote viwili. La tatu bila shaka ni vidonge, lakini msomaji hawezi kulijua hilo ila kwa kubahatisha.

Kuna watu wanaoona hapa tunapasua nywele. Husema kwamba Mswahili huambiwa tangu utotoni kuwa kinga ni bora kuliko tiba, na kwamba muktadha utamsaidia. Jawabu letu ni kwamba muktadha humsaidia anayejua tayari. Asiyejua hana kitu ila karatasi.

Tuchukue mfano wa mtu aliyezaliwa na kukulia Bungu, kisha akaishi miaka kumi Muscat au London. Alipokuwa mtoto alipata malaria mara nyingi, na mwili wake ukazoea kupambana nayo. Hakuwa hapati vimelea, lakini hakuwa akizidiwa kwa urahisi. Uwezo huo haudumu. Mtu akikaa miaka mingi mahali pasipo na malaria, uwezo huo hupungua, naye akirudi aweza kuugua vikali kama mgeni aliyeteremka leo kutoka Ulaya. Mtu huyu anaposoma maneno "msafiri asiye na kinga," atajisemea kwamba hayamhusu: yeye ni mwana wa Rufiji, kinga anayo. Hatanunua vidonge, wala hatajisumbua kwa chandarua katika nyumba ya mama yake. Akirudi huko aendako na kushikwa na homa, huenda hata daktari wake asimshuku malaria upesi. Wataalamu wa afya ya safari wamekwisha kuliona kundi hili, la watu wanaokwenda kuwatembelea jamaa zao, kuwa miongoni mwa wanaopatwa zaidi na malaria ya safarini. Neno kinga, lililokusudiwa kumwokoa, ndilo linalomlaza bila chandarua.

Tunapendekeza neno hili lisiachwe peke yake kamwe katika maandishi ya tiba, bali ligawanywe hivi:

Kinga ya mwili: uwezo wa mwili wenyewe. Papo hapo iongezwe kwamba kinga ya mwili dhidi ya malaria si kamili, nayo hupungua kwa aliyehama.

Kujikinga: matendo ya mtu, kama kulala katika chandarua, kuvaa nguo za mikono mirefu jioni, na kuziba madirisha kwa wavu.

Dawa ya kuzuia malaria: vidonge anywavyo msafiri asiyeugua. Neno kuzuia linaonyesha kwamba havitibu.

Chanjo: hiyo ibaki chanjo. Tangu Shirika la Afya Duniani lipendekeze chanjo ya kwanza ya malaria mwaka 2021, na ya pili mwaka 2023, zote kwa ajili ya watoto, ni hatari zaidi kuita vidonge vya msafiri kinga, kwa kuwa watu watadhani wamechanjwa.

Kuhusu kuendelea na vidonge baada ya kurudi, sababu ielezwe. Vimelea vikiingia mwilini hukaa kwanza ndani ya ini, siku saba au zaidi, kabla ya kutoka kwenye damu. Ndiyo maana dawa nyingine huendelezwa kwa siku saba baada ya kutoka mahali penye malaria, na nyingine kwa majuma manne. Msafiri asiyeelezwa sababu ataona amekwisha kufika nyumbani salama, akavitupa. Wapo waandikao hapa "kipindi cha kuatamia," kwa mfano wa kuku na mayai yake. Tunauona mfano huo kuwa wa kufaa: nyumba iko kimya, lakini vifaranga vinakuja.

4. Dawa ya mbu na neti iliyotibiwa

"Paka dawa ya mbu sehemu zilizo wazi," yasema karatasi. Katika maduka ya Bungu, kama ya mahali pengine, dawa ya mbu ni jina la vitu vinne: ya kuchoma, ya kupuliza chumbani, ya kutia kwenye chandarua, na mafuta ya kujipaka. Tatu za kwanza hazifai kupakwa ngozini. Mfasiri alijua alichokusudia. Muuza duka hajui. Hatulikatai neno dawa, ambalo katika Kiswahili limekuwa likibeba tiba, sumu na uganga tangu kale. Tunasema tu liongezwe kitenzi. Iwe mafuta ya kufukuza mbu, na iwe dawa ya kuua mbu. Afukuzaye na auaye hawawezi kuchanganywa.

Kisha tunaambiwa tuchukue "neti iliyotibiwa." Chandarua kimeugua nini hata kikatibiwa? Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, na Kiswahili kinaikataa. Tunasema kutia dawa: mkulima huzitia dawa mbegu zake, na mwenye ng'ombe huwatia dawa mifugo yake. Basi ni chandarua kilichotiwa dawa. Katika maandishi ya kitaalamu kiuatilifu kitumike bila woga. Yuko mwenzetu mmoja aliyeshauri isemwe chandarua chenye sumu, kwa kuwa ndiyo kweli. Ni kweli, lakini ni nani atakayemlaza mtoto wake chini ya sumu? Istilahi iseme kweli kwa namna isiyomfukuza mtu kwenye jambo la kumfaa.

Ama kuhusu neti na chandarua, hatutaki ugomvi. Neti imekwisha kuenea, lakini chandarua ni neno lenye umri mrefu pwani, na lina sifa moja ambayo neti haina: limebeba maana ya kitu kitandazwacho juu na kufunika. Katika hati rasmi lishike nafasi yake.

5. Msafiri ni nani?

Neno la mwisho tulitakalo kulihoji ni lile lililo katika kichwa cha karatasi: wasafiri. Mfasiri alikuwa akimfikiria mtu mwenye mkoba na pasi. Lakini katika wilaya ya Kibiti na ya Rufiji, mkulima wa mpunga huhama kwake msimu wa kilimo akaenda bondeni, akajenga dungu juu ya miti, akalala humo majuma mengi akiwafukuza ndege, nguruwe na nyani. Yule avuaye katika delta hulala kambini. Mwanafunzi huenda bweni. Hakuna hata mmoja kati yao ajiitaye msafiri, na kila mmoja analala mahali ambapo chandarua chake hakipo. Kama karatasi ingeandikwa "kwa kila alalaye nje ya nyumba yake," ingewafikia watu wengi zaidi kwa maneno yaleyale.

6. Mifano mema

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kimeshindwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma vyenye wanafunzi wapatao milioni mbili, ilifundisha habari za malaria kwa maneno ambayo mtu aliyetoka kujifunza kusoma juzi aliweza kuyafuata. Mpango wa vyandarua ulioanza mwaka 2004 ulitumia jina Hati Punguzo, na mama mjamzito aliyeishika hati hiyo alijua mara moja kwamba ni karatasi na kwamba bei itapungua. Nalo jina dawa mseto, lililoenea tangu matibabu ya malaria yalipobadilishwa mwaka 2006, limetoka jikoni: kama vile mchele na choroko hupikwa chungu kimoja, ndivyo dawa mbili zilivyounganishwa. Waliochagua neno hilo walifanya kazi ambayo kurasa kumi za maelezo zisingeifanya.

Kwa upande mwingine, yako maonyo. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watu wengi waliita homa ya malaria ule ugonjwa wa kawaida, na mtoto aliyepatwa na mishtuko wakasema ana degedege, maradhi mengine kabisa yenye waganga wake. Kumbe malaria kali ndiyo iliyokuwa ikimtikisa. Matangazo yaliyosema "homa ya malaria" hayakumfikia mzazi wa mtoto mwenye degedege, kwa kuwa hayakutaja jina alilolijua. Istilahi sanifu isipokutana na neno la watu, hupita juu ya paa.

Kuna wanaotaka hata neno malaria lenyewe liondolewe, liwe homa ya mbu. Hatuwaungi mkono. Kweli neno hilo la Kiitaliano lilimaanisha hewa mbaya, na tangu Ronald Ross alipomwona kimelea ndani ya mbu mwaka 1897 tunajua hewa haina kosa. Lakini homa ya mbu ingekuwa na kosa kubwa zaidi. Mbu wengine hueneza homa ya dengi, na hueneza matende na mabusha. Na mbu wa dengi hung'ata mchana. Jina la zamani lenye kosa linalojulikana ni afadhali kuliko jina jipya lenye kosa lililofichika.

7. Hitimisho

Tukiyakusanya mapendekezo yetu, ile karatasi ya Bungu ingeweza kuandikwa hivi: "Kwa kila alalaye nje ya nyumba yake. Malaria huletwa na kimelea. Mbu hukitoa kimelea kwa mtu mmoja na kukitia kwa mwingine, hasa usiku. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, nawe ukichomeke chini ya godoro au mkeka. Jioni vaa nguo za mikono mirefu, ujipake mafuta ya kufukuza mbu. Ikiwa umeishi miaka mingi mahali pasipo na malaria, hata kama umezaliwa hapa, kinga ya mwili wako imepungua: mwulize mganga wa hospitali kuhusu dawa ya kuzuia malaria, na uimalize kama ulivyoagizwa hata baada ya kurudi. Ukipata homa, upimwe siku hiyohiyo, na umwambie anayekupima mahali ulipolala."

Maneno hayo hayazidi nafasi ya karatasi ileile, wala hayana istilahi hata moja isiyokuwa tayari katika lugha. Tuliyasoma mbele ya mama mwenye nyumba ya wageni kabla ya kuondoka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tunaweza kumwachia nakala, kwa sababu mwanawe angerudi kutoka Muscat mwezi ule.

Wafasiri, walimu na watumishi wenzetu wanaombwa wayapime mapendekezo haya katika maeneo yao, na walete maneno bora zaidi kama wanayo.